Ua la miba la Dada Minza, nililolizamisha kwa ndoo zangu

Wakuu, poleni na majukumu. Nawaletea jambo lililonikuta mwenyewe. Chumvi mtaionja pembeni, kama kawaida yangu, ila kwa dada yangu siongezi hata punje.

Niliwahi kuamini, kwa asilimia mia na ishirini, kwamba lile ua la miba, lenye maua mekundu na utomvu mweupe kama maziwa, hunywa ugonjwa wa mwenye nyumba. Likiwa limechanua, hafi mtu hapo.

Msicheke. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza form four kwa masomo ya jioni, najiona msomi kuliko mtaa wetu wote wa Mirongo, pale Mwanza.

Ni miaka ya tisini, enzi za ruksa. Dada Minza, aliyenilea tangu wazazi wafariki, alipunguzwa kazi kiwandani, akawa anauza mitumba. Uani alikuwa na hilo ua kwenye debe kuukuu. Alilipanda kwenye mchanga na kokoto, akaliweka juani juu ya jiwe. (Mawe kwetu si shida, kila nyumba ina lake la ukubwa wa kanisa.)

Kisha akaanza kuumwa. Homa, kikohozi, mwili ukaisha. Miaka ile kila mtu alijua ni nini na hakuna aliyetaja. Hospitali walitupa dawa ya kikohozi, tukarudi nyumbani.

Mpangaji mwenzetu ndiye aliyeniambia kwamba ua lile hunywa ugonjwa, mradi lichanue.

Basi nikaingia kazini. Asubuhi ndoo, mchana ndoo, jioni ndoo. Kwa maji yale, feri ya Kigongo ingeelea uani kwetu. Nikalihamishia na kivulini lisiungue.

Dada alikuwa ananitazama tu toka mkekani. Siku moja akasema, "Mdogo wangu, hilo halitaki maji. Liache lipigwe jua."

Nikadhani amekata tamaa. Nikaongeza ndoo.

Maua yakapukutika. Majani yakawa njano. Shina likalainika chini kama ndizi iliyooza, asubuhi moja nikalikuta limelala.

Nikalisimamisha kwa kijiti na kamba, nikaingia chumbani, maana hakuweza tena kutoka uani, nikamwambia limechanua. Akatabasamu. Akaomba nimkatie ua moja alione.

Nikamwambia utomvu wake utamuunguza macho.

Siku ya tatu akafariki.

Wakuu, mimi harusi nisipokuwepo watu hawacheki, wanakula pilau na kuondoka. Lakini zaidi ya miaka kumi nilitembea nikijua nimemuua dada yangu kwa ndoo. Mke wangu akiomba tupande maua, nakataa, sababu simwambii.

Nilichojifunza ni kwamba mgonjwa anahitaji mtu wa kukaa naye. Siku zake za mwisho mimi nilizimalizia bombani, kwenye foleni ya maji.

Mwenye mzigo wa namna hii autue hapa chini. Sitamcheka, na atakayecheka tutaonana naye.

Wangu aliutua mama mmoja anayeuza miche kando ya barabara, Magu. Niliona ua lile limechanua miguuni pake, nikashindwa kupita. Nikamwamkia, nikamsimulia yote, hadi kile kijiti na kamba.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ina udongo. Kisha akasema taratibu:

"Baba, wewe uliua ua. Dada yako aliuawa na ugonjwa."