Sinia la Ahmedabad

Sisi tuliozaliwa kijijini Matiri kabla ya uhuru tulijua kwamba India ni nchi ya mwalimu wa jiografia na ya Bwana Damji, mwenye hoteli ya chai pale Mbinga mjini. Hatukudhani mtu wa ukoo wetu angeweza kufika huko na kurudi kanenepa.

Baba Mdogo Severini alifika. Alikuwa karani wa ushirika wa kahawa, akapelekwa Ahmedabad miaka miwili kusomea mambo ya ushirika. Aliporudi hakusimulia ushirika hata siku moja. Alisimulia hoteli. Ilikuwa ya zamani sana, ndani ya kuta za mji wa kale. Unaketi, unaletewa sinia la shaba lenye vibakuli vya dengu, bamia, maziwa mgando na vitu vitamu, na wahudumu wazee wanapita wakijaza kila kibakuli kinachopungua. Nyama hakuna. Tukipukuchua mahindi uani, watoto tulimdai ile hoteli kama watoto wa leo wanavyodai simu, na ugali wetu na usipa, dagaa wa ziwani, tukavipa majina ya Kihindi.

Hiyo habari ya nyama ndiyo iliyomharibia.

"Wana ng'ombe mpaka barabarani, halafu hawali nyama?" Bibi, mama yake mzazi, aliuliza.

Baba Mdogo akasema ndivyo. Tayari kulikuwa na maneno. Mtu mmoja wa Lituhi alidai kwamba miaka ile miwili alimwona Severini kwenye migodi ya kusini, ana mke mwingine na baiskeli. Baiskeli ndiyo iliyofanya watu waamini. Barua zake mbili zingemtetea, lakini bahasha hazikuwa na stempu. Stempu nilizibandua mimi, kwa kuwa zilikuwa na picha ya tembo, na nilipoona jambo limekuwa kubwa nikaona si lazima kusema.

Mkewe, Mama Mdogo Filomena, hakugomba. Alifunga nguo zake katika kanga, akasema anarudi kwao Ukata.

"Subiri kwanza," Bibi akamwambia. "Twende kwa Mhindi. Kama mtu kakaa India, Mhindi atamwelewa."

Tukapanda lori la kahawa sisi wanne, Mama Mdogo na furushi lake mapajani. Njia nzima Baba Mdogo alikuwa akisogeza midomo kama mtu anayesali rozari.

Bwana Damji tulimkuta nyuma ya kabati la kioo lenye sambusa na kachori. Baba Mdogo akavuta pumzi, akatoa Kigujarati kirefu, lugha ya kule Ahmedabad. Damji akamtazama kwa huruma.

"Ndugu yangu, kama ni chai, sema kwa Kiswahili." Kisha akaongeza kwa lugha yetu, Kimatengo safi, kwamba maandazi bado ya moto. Damji alizaliwa Songea. India hakuwahi kuiona.

Mama Mdogo akasimama na furushi lake.

Hapo akatokea jikoni mama yake Damji, mzee wa sari nyeupe, mikono imejaa unga. "Nani kasema vile? Kasema kama ana jiwe mdomoni, lakini ni lugha ya kwetu. Umejifunza wapi, mwanangu?"

Baba Mdogo akautaja mji, kisha hoteli. Yule mama akashika ukingo wa meza.

"Uani mna nini?"

"Mna mwarobaini. Tawi moja linaingia dirishani, wanalifunga kamba watu wakila."

"Na ukishiba?"

"Unafunika sinia kwa mkono. Mimi sikujua, mama. Siku ya kwanza nilikula mpaka wakanibeba."

Mama yule akacheka, na machozi yakamtoka huku bado anacheka. Alisema baba yake alimpeleka kula pale siku moja tu, kabla hajapanda meli na mumewe, akiwa msichana wa miaka kumi na sita. Tangu hapo hakurudi kwao, wala hakuwahi kukutana na mtu aliyekula mle. Akatupikia dengu, bamia na chapati, akatuletea pamoja na maziwa mgando kwenye sinia la bati, kwa kuwa la shaba hakuwa nalo. Akaketi karibu na Baba Mdogo, akamtaka aanze tena tangu mlangoni.

Bibi alikula mpaka bamia ikaisha. Mwishowe akamuuliza mwanawe, "Mbona huo mti hukutuambia?"

"Mama, ninyi mlikuwa mnauliza nyama."

Bibi akamgeukia mkwewe. "Alikuwa India. Weka furushi chini, ule."

Mama Mdogo aliketi, kisha akamsogezea mumewe bakuli lake la maziwa mgando. Tangu arudi hakuwa amemsogezea kitu chochote.

Bwana Damji na mama yake walihama miaka michache baadaye, kama walivyohama wengi wa jamaa zao. Siku hizi pale wanauza vocha na chipsi. Wajukuu zangu wanasafiri mbali kuliko Baba Mdogo, na hakuna anayewatilia shaka, maana kabla hawajaonja chakula wameshakipiga picha. Nikiwauliza kilikuwaje, wananijibu, "Bibi, si nimekutumia picha?" Basi naitazama ile sahani mpaka kioo cha simu kinazimika chenyewe.