Nilikataa Kuigiza Mjane, Sasa Mume Wangu Anasikiliza Kilio Changu

Msimamizi wa ukurasa huu, nifichie jina langu, lakini usinibadilishie sentensi. Mimi ni mama wa miaka sitini na minne, mwalimu mstaafu. Nilizaliwa Rongo, nikaolewa bonde la Lambwe, na huko ndiko ninakoishi na mume wangu. Yeye ni mgonjwa wa figo. Daktari ametuambia tumrudishe nyumbani na tumpe chochote anachotamani kula. Nadhani mmeelewa.

Kabla hajaugua, watu wa filamu walikuja bondeni kwetu. Walikuwa wamesikia kwamba niliwafundisha wanafunzi maigizo ya mashindano kwa miaka mingi, wakanipa nafasi ya mhusika mkuu: mjane ambaye mumewe analetwa nyumbani ndani ya jeneza. Nilikataa papo hapo. Kwetu Wajaluo, mke hapigi nduru ya msiba mumewe akiwa hai. Nduru hiyo hupigwa mlangoni, na boma zima hujua kwamba mwenye nyumba ameondoka. Huwezi kuipiga kwa mchezo, kisha ukaingia ndani kumpakulia mume chakula.

Nafasi hiyo ilichukuliwa na mke wa shemeji yangu, mwanamke asiyeogopa kitu. "Mwalimu, mimi wangu hata nikimlilia hafi," alinicheka. "Huyo atatuzika sote, halafu aulize ugali uko wapi!"

Tatizo ni kwamba hakujua kulia. Alilia kama mtu aliyeibiwa kuku. Mwongozaji, kijana mwenye adabu, alinijia akasema, "Mwalimu, hatukuombi uigize. Mwonyeshe tu jinsi inavyofanyika." Mwalimu akiombwa mfano hutoa mfano. Tuliingia darasa moja la shule ya jirani mchana kweupe, tukafunga mlango. Nilijiambia moyoni kwamba simlilii mume wangu. Nikatafuta mtu mwingine wa kumlilia, na sikuhitaji kutafuta mbali.

Ndugu yangu alizama ziwani karibu na kisiwa cha Rusinga akiwa kijana. Mwili wake haukuonekana. Nyumbani walizika tunda la mti wa yago badala yake, refu na zito kama mtoto mchanga, kama ilivyo desturi kwa aliyepotelea majini. Mimi sikuwapo. Nilikuwa nimejifungua siku hizo hizo, na mama mkwe alinikataza kutoka nje, akanikataza na kulia, maziwa yasije yakakauka. Nilitii. Kilio kile kilikaa ndani yangu mpaka siku ile darasani. Kilipotoka, sikukitambua. Nilipofumbua macho, mke wa shemeji yangu alikuwa ameketi sakafuni, na yule kijana alikuwa amegeukia ukutani akifuta machozi.

Walikuwa wamenirekodi. Waliniomba ruhusa waiweke sauti yangu mahali pa sauti ya mwigizaji, nami nikakubali, kwa kuwa nilijua nduru ile ilikuwa ya nani.

Filamu imevuma nchi nzima. Nduru yangu imekuwa mlio wa simu. Juzi nilikuwa sokoni Rongo nikichagua omena, dagaa wa ziwani, ikalia ndani ya aproni ya muuzaji. "Haloo, sema haraka, niko na mteja!" alijibu, na mteja mwenyewe nilikuwa mimi, mwenye nduru. Ninaisikia kwa waendesha bodaboda. Ninaisikia hata siku ya Sabato, nje ya kanisa. Kila mara ninageuka kuangalia upande wa ziwa.

Mume wangu aliitambua siku ya kwanza alipoisikia. Nilitarajia hasira, lakini alinishika mkono. "Nyar Rongo," alisema, maana huniita binti wa Rongo tangu anioe, "wanaume hufa bila kujua watakavyoliliwa. Mimi nimejua. Usiogope mwiko, mimi tayari ninaondoka."

Sasa kila alasiri huomba simu, huisikiliza macho yamefumbwa, kisha hulala vizuri kuliko anavyolala kwa dawa. Wageni wakija, huwachezea nduru hiyo. "Nyamazeni, msikie mke wangu anavyonililia." Ndugu yake humtania: "Wewe umekwisha kuliliwa, na bado unadai chai ya maziwa!" Hucheka mpaka akohoe.

Sijamwambia nilikuwa nikimlilia nani.

Wiki iliyopita mwongozaji alinipigia simu. Sauti yangu imepata tuzo kubwa. Ninatakiwa kupanda jukwaani Nairobi, na nduru itachezwa yote, bila kukatwa. Katika filamu waliikata kabla ya mwisho. Mwishoni niliita, "Wuod minwa!" yaani mwana wa mama yangu. Hakuna Mjaluo atakayesikia maneno hayo akadhani kwamba ninamwita mume. Sherehe itaonyeshwa kwenye runinga, na mume wangu amekwisha kuwaalika jamaa waje watazame pamoja naye.

Nilipomwambia kwamba siitaki tuzo hiyo, aliniambia niketi kitandani mwake. Kisha akaniuliza, "Ulikataa kuigiza kwa heshima yangu, nikajivunia. Hii unaikataa kwa heshima ya nani?" Nilikwenda kumchemshia chai.

Nimefikiria kumwomba kijana akate maneno yale mawili. Ni jambo dogo kwake. Lakini ndugu yangu hakupata kaburi lenye mwili, wala hakupata kilio cha dada yake isipokuwa hicho. Nikikiondoa, nitakuwa nimemsukuma tena majini kwa mkono wangu. Nikikiacha, mume wangu atajua mbele ya jamaa zake kwamba kilio kinachomlaza si chake. Nikimweleza leo, atalala na nini kesho? Nami ninaogopa jambo jingine ambalo sijamwambia mtu: kwamba siku yake itakapofika, nitasimama mlangoni, nifungue kinywa, na nisisikie kitu.

Ninapoandika haya, ananiita chumbani nimpelekee simu hii. Nishaurini, ninyi mliowahi kumuuguza mtu mnayempenda. Nimwambie, au nimwache alale?