Saruji ya Hayl Sidra

Ami yangu Hisham, mdogo wake baba, ni mstaafu wa serikali na nyumba yake iko Al Khoudh, hapa Maskati. Kazaliwa Unguja, kaja Maskati kijana, na Kiarabu chake mpaka leo kina lafudhi ya Kiswahili. Mtu mzuri, lakini mbishi, yarabi! Ukitaka asubuhi yako yote iishe, mtajie Hayl Sidra tu.

Hayl Sidra ni kijiji cha babu zetu, huko ndani milimani. Watu wenyewe wamehamia nyumba mpya za bondeni. Juu yamebaki majengo ya udongo. Ami atakuhadithia mnara wa kulindia maji ya mfereji wa falaji, sebule ya wanaume yenye dari ya magogo ya mtende, na msikiti mdogo wenye mihrabu iliyochongwa maua, ambao wenyewe wanasema una zaidi ya miaka mia tatu. Ubavuni mwa msikiti ipo nyumba aliyoiacha babu alipokwenda Unguja, kuta zinameguka. Kule wakimwita Ami "Mzinjibari", yaani mtu wa Unguja. Yeye akitaka kitu kimoja tu duniani, wamwite mtu wao. Akasema ataisimamisha nyumba ya babu, wataona.

Thani, mtoto wa ami yake aliyebaki kule, akamwambia aikandike kwa udongo na majani makavu, kama walivyofanya wazee.

"Udongo!" Ami akacheka. "Kila mvua uanze upya? Nyie wavivu wa kufikiri."

Akanunua saruji mjini, mtaa wa Ghala, na kila Ijumaa pikapu ikawa inapanda mlima. Ukuta wa udongo ukavikwa saruji, ukatoka mgumu, umenyooka, mashaallah. Picha zikatumwa kwa ukoo mzima.

Ikanyesha mvua kubwa. Maji yakapenya juu kwenye ufa, saruji ikayazuia yasitoke, udongo wa ndani ukalainika kama uji. Ukuta ukaanguka mzima mzima, ukauangukia msikiti. Mihrabu yote ikawa kifusi. Alhamdulillahi hapakuwa na mtu ndani.

Nikampeleka Ami kwa gari yangu. Njia nzima anatayarisha maneno: watamtukana, atainamisha kichwa, ataomba radhi. Wazee tuliwakuta wamekaa mkekani mbele ya kifusi, nami nikaogopa watamla mzima. Wapi! Wakainuka, wakampisha mahali pa mbele, kahawa ikaanza kwake. Mmoja alipoanza kunung'unika, mzee Nasr, imamu wao, akamkatiza.

"Mwacheni. Huyu mgeni wetu, hakujua."

Wote wakaitikia, hata Thani.

Roho iliniuma, wallahi. Ami akashukuru, akanywa kahawa yake, akarudisha kikombe. Tulipoingia garini akafunga mkanda, akatazama mbele, machozi yanamtoka wala hayafuti.

"Wangenigombeza, Aliya," akasema. "Mtu wao wangemgombeza."