Kreatinini ya Mzee wa Murangi

Miaka ile maduka ya Bunda yalipoanza kujaa bidhaa tena, nilimpeleka mama hospitali. Mlango wa daktari ulikuwa haufungiki, hivyo kwenye benchi tulimsikia mvuvi mzee wa Murangi, aliyekuja na mkewe, akisomewa majibu ya damu.

“Kreatinini imepanda, mzee. Ni uchafu ambao figo zinatakiwa kuutoa.”

“Mbona nakojoaga vizuri tu?”

“Mkojo unatoka, lakini uchafu unabaki kwenye damu. Ndiyo maana tunapima damu.”

Mkewe akaingiza mkono kwenye koti la mumewe, akatoa vidonge vya maumivu, akaviweka mezani. “Anamezaga hivi kila siku, kwa ajili ya mgongo. Siku hizi kila duka wanauza.”

“Hivi vinaumiza figo,” daktari alisema. “Aache, halafu tutapima tena.”

“Na mgongo ukiuma?” mzee aliuliza.

“Nitakukanda na maji moto,” mkewe alijibu. “Kwani zamani nilikuwaga nafanya nini?”

Tulipokutana tena hospitalini, mzee alinitangazia kwamba kreatinini imeshuka. Nikamuuliza habari za mgongo.

“Bado unauma,” alisema, akimtazama mkewe, “lakini sina haraka ya kupona.”