Bibi-arusi ku Munyororo ya Nanga

Bikwembe byangu byote, bitenge byangu bya kujifunga, biko na majina, na mi nayajua yote mpaka leo. Macho ya Samaki. Njia ya Gare. Moshi ya Mukate. Na kile cha ndoa, Bibi-arusi.

Bwana yangu alikuwa na bwato ku ziwa Moero. Akitupa nanga, ilikuwa lazima ajue munyororo kiasi gani imekwisha kutoka. Ukitoa mufupi, mupepo inasukuma bwato ku mawe. Ukitoa yote bila kujua, mwisho yake inaweza kuchomoka, ikaenda na nanga. Alikuwa anapaka rangi ya kupimia, lakini matope na kutu bilikuwa binaikula.

Njo nikapasula bikwembe, nikafunga vipande ku munyororo, kimoja mbali na kingine. Bibi-arusi nikamuweka karibu na mwisho.

Bwana yangu akacheka: "Mama ya batoto, sasa unavalisha nanga? Utaiwekea na heleni?"

"We endesha, mi navalisha."

Toka siku ile, kipande kikitoka, bantu ba ku bwato banaita jina yake. Bakiita Bibi-arusi, munyororo inasimama.

Leo bwana yangu amekwisha kufa. Bwato iko na mutoto yetu mwanaume, mi niko hapa Kasungami, mbali na ziwa, na binti yangu. Juzi mutoto akapiga simu.

"Mama, Bibi-arusi ameoza. Nilifunga kitambaa ya kijani ya soko. Kilipotoka, hakuna mwenye alijua kukiita. Bakaachilia tu. Kidogo munyororo yote iende!"

"Muko bazima?"

"Tuko, Mama. Lakini mupepo ingali inavuma."

Kile kikwembe, sehemu yenye ilibakia, nilikuwa nimeilinda ndani ya valizi, sanduku yangu ya nguo. Nilitaka banizike nayo. Nilipoitoa, binti yangu akashika kichwa.

"Mama, hapana! Utaenda kwa baba yetu kule kaburini na kikwembe gani?"

"Na Moshi ya Mukate. Ule alinioa yeye mwenyewe, ataniomba tena kikwembe ya ndoa?"

Akacheka mpaka machozi. Halafu akaleta mukasi yeye mwenyewe, akinung'unika. Tukapasula kipande kirefu, tukakituma ku ziwa na mama mumoja mwenye kuchuuza samaki, ndani ya mufuko ya vitunguu.

Jana, nikiwa nachagua matembele, simu ikalia.

"Mama, sikiliza."

Nikasikia munyororo ikikwaruza chuma. Nikasikia wanaume bakipaza sauti: "Macho ya Samaki! Njia ya Gare! Moshi ya Mukate!" Munyororo ikaendelea. Nikashika jani mukononi, sikuliweka chini.

"Bibi-arusi!"

Munyororo ikasimama. Nikasikia tu maji yakipigapiga ubao ya bwato.

"Nanga imeshika?"

"Imeshika, Mama."

"Basi, pika mukule," nikamuambia, nikarudia matembele yangu, sababu chungu ilikuwa inachemuka.