Kazi ya Neema kwenye Ukuta wa Kanisa

Aibu hii bado ninayo, na ningeinyamazia hadi kaburini kama watu wa mtaa wetu wa Isipingo wasingekuwa wanaisimulia vibaya, ati mzee wa kutengeneza simu alileta shetani kanisani. Hapana. Nilileta kazi ya binti yangu.

Neema anasoma chuo kikuu hapa Durban (mimi niliacha shule mapema kule kwetu Uvira kwa sababu ya ng'ombe, lakini hiyo ni hadithi nyingine) na anatafuta umbo la kitu kilicho ndani ya mdudu wa kifua kikuu, kitu kidogo mno, wanakigandisha kwa baridi kali, wanakipiga picha nyingi, halafu kompyuta inazikusanya ziwe umbo moja. Miaka imekwenda humo. Aliandika makala, jarida likatafuta wakaguzi, nao wakasema maneno hayatoshi, wanataka kuziona data zenyewe.

Siku hiyo simu yake ilikuwa mezani kwangu, ninabadilisha kioo, kwa hiyo linki na neno la siri la kuzifungulia alimtumia profesa wake, awapelekee wakaguzi, kwa simu yangu.

“Papa, hii ni ya wakaguzi peke yao,” akaniambia. “Wanaingia bila majina yao kujulikana, wanaangalia, wanatoka. Mwingine akiiona kabla haijachapishwa, anaweza kunitangulia.”

“Nimesikia, mama.”

Nilisikia kweli. Lakini kanisani kwetu mtu hasemi tu niombeeni. Anayetafuta karatasi za ukimbizi analeta karatasi, anayetaka kazi ya saluni analeta mkasi, tunaweka mikono juu ya kitu chenyewe (marehemu mke wangu alipeleka sufuria, na maandazi yakauzika). Nikawaza, Neema atawekewa mikono juu ya nini? Nikaisukuma ile meseji kwenye grupu la wazee wa maombi, nikaandika, shikeni hii mbele za Bwana. Ni wazee tu, nikajiambia.

Jumapili pasta akaniita mbele. Nikapanda na suti yangu ya harusi, na ndugu Dieudonné, yule anayeonyesha maneno ya nyimbo ukutani, naye yumo kwenye lile grupu, akasema, “Papa Neema, iko hapa, nimeshaifungua.” Likatokea dude la buluu na jekundu, limejisokota kama utumbo wa mbuzi, linazunguka polepole, na pembeni amebandika meseji nzima, linki na neno la siri, kwa herufi kubwa ili wazee wasome. Mikono ikanyooshwa. Mama mmoja akaanza kukemea nyoka. Nami nikasema amina kwenye kipaza sauti.

Ndipo nikaiona ile simu iliyosimamishwa kwenye kiti. Ibada yetu inarushwa moja kwa moja kila Jumapili, hadi Bukavu, hadi Ulaya.

Neema alikuwa kwenye kwaya. Alishuka bila kukimbia, akachomoa waya, ukuta ukabaki mweupe. “Endeleeni kuomba,” akasema, akatoka nje.

“Eish, Papa Neema,” Dieudonné akaninong'oneza, “kumbe haikuwa ya kuonyesha?”

Nilimkuta binti yangu karibu na kituo cha taxi, anaongea na profesa kwa simu. “Ni papa yangu,” alikuwa akisema. “Hapana, hakutaka kuniharibia. Alikuwa ananiombea.” Hapo ndipo paliponiuma, kwamba alinitetea.

Ile linki ilifungwa siku hiyohiyo, wakaguzi wakabaki nje katikati ya kazi yao, ikabidi Neema amweleze mhariri (sijui ile mikono aliielezaje) mpaka wakafunguliwa njia mpya. Kwa wiki kadhaa, kila asubuhi kabla ya chai, alikuwa akitafuta kama kuna mtu amemtangulia. Hakuwepo. Lakini chai yake ilikuwa inapoa mezani, nami niko upande wa pili ninaiangalia.

Tangu hapo sijatuma shida ya mtu kwenye grupu, hata akinisihi.

Juzi aliketi karibu nami. “Papa, jibu la wakaguzi linakuja wiki hii. Niombee.”

“Nishike nini?”

“Usishike kitu.”

Nikafumba macho, mikono mitupu magotini, na kwa kuwa sikuwa na cha kumwonyesha Mungu, nikamtajia jina la binti yangu tu.