Kaka Yangu Hamadi na Maswali ya Waandishi

Enzi zetu pale Peckham, London, mtoto mwenye adabu alikuwa yule asiyejua kitu. Tulikuwa tunangoja makaratasi yetu ya ukaazi kutoka ofisi ya uhamiaji ya Croydon, na mama alishaamini kwamba neno moja la mtoto linatosha kutupandisha ndege turudi tulikotoka. Basi kila Jumamosi, tukishaogeshwa na kupakwa mafuta mpaka tunang'aa, mimi na kaka yangu Hamadi tulikalishwa kwenye kochi tukafanyiwa mtihani. Mama alitusogezea mwiko mdomoni kama kipaza sauti, bado unanuka mchuzi wa papa, akatuuliza kwa sauti ya kiserikali: mnakaa na nani, baba yenu yuko wapi, jana mlikula nini. Aliyezidisha maneno matatu alikosa andazi.

"Mtu akikuulizeni," alikuwa akisema, "mwambieni amuulize wakili."

Mimi nilikosa maandazi mengi. Hamadi alikula yake na yangu. Alipoanguka kwenye ngazi za flati akavunjika mkono, daktari alimuuliza ni upi, naye akamwelekeza kwa wakili. Ikabidi apigwe picha mikono yote miwili, na mguu mmoja kwa tahadhari. Mama alimsifu wiki nzima.

Bustanini tulipiga mpira kwa gongo la mguu wa meza mbovu. Hamadi aliupiga ukapita juu ya paa la kanisa, na mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa akampeleka kwenye timu ya besiboli. Ndivyo alivyofika Marekani akawa mchezaji wa besiboli wa kulipwa. Huko waandishi walichanganyikiwa. Wakimuuliza kama amefurahi kushinda, anawaambia wamuulize wakili. Mmoja aliandika kurasa nne kuhusu falsafa ya ukimya wake. Mwingine alimtafuta wakili kweli, ambaye siku hizi amestaafu anafuga njiwa, akarudi na habari za njiwa.

Watoto wa leo ni kinyume chake. Mwanangu hapigi chafya mpaka awashe kamera. Biriani linapoa akilipiga picha, na nikimgombeza ananijibu kwa Kiingereza kwamba wafuasi wake wanataka kujua. Namcheka, lakini moyoni nashukuru, maana mimi angalau najua mwanangu amekula nini.

Makaratasi yetu yalitoka zamani. Mama alimpigia Hamadi kumwambia sasa ni ruhusa kusema, lakini wakati wa kujifunza ulikuwa umeshampita. Kila Ijumaa anapiga simu, anasema "Salama," kisha wanasikilizana wakipumua mpaka mmoja achoke. Jambo hili linamuumiza mama sana. Masikio yake yanakwisha, na anataka kumsikia mwanawe akieleza habari zake kabla hayajakwisha kabisa.

Juzi timu ya Hamadi ilikuja kucheza hapa London. Kabla hata hajafika nyumbani, aliwekwa mbele ya waandishi, tukamwona kwenye televisheni. Mama alijitanda kanga mpya, akasogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo. Mwandishi akamuuliza Hamadi nani aliyemlea. Hamadi akafungua mdomo, akaufunga, akainuka akaondoka.

"Kasema nini?" mama akaniuliza.

Uso wake ulinitia huruma, sikuweza kumwambia kweli.

"Anakusalimu."

Mama akaiinamia televisheni, iliyokuwa sasa inaonyesha tangazo la sabuni.

"Wa alaykumu salaam, mwanangu," akasema. "Umekula?"

Akatega sikio, akasubiri.